Maziwa Yaliyobaki Kibuyuni

Asifiwe Mungu, atoaye na atwaaye. Hata kwa haya namshukuru.

Mwaka ule wa uhaba, kijijini kwetu upande wa Kahama, binti yangu alifariki akijifungua, akatuachia mjukuu mchanga. Tegemeo la mtoto lilikuwa ng'ombe wetu mmoja. Alizaa salama, lakini kesho yake alilala chini, shingo imepinda, masikio ya baridi. Mke wangu alidhani maziwa yamemlemea, akamkamua mpaka kibuyu kikajaa.

Bwana mifugo alipofika alikitazama kile kibuyu.

"Shikamoo, mama. Umemkamua yote?"

"Marahaba, baba. Nimempunguzia mzigo."

Akatueleza. Msuli umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno. Kalsiamu, madini yaleyale ya mifupa, huingia kwenye ncha ya neva, nayo hutoa ujumbe. Ujumbe ukifika, akiba ya kalsiamu iliyo ndani ya seli hufunguka na kuenea kote kama moto kwenye nyasi kavu, ndipo msuli hujikaza.

"Kalsiamu ya damuni imetoka na maziwa, mama. Ujumbe haufiki. Chupa moja ya kalsiamu mshipani ingemwinua, lakini sina, na Kahama hakuna."

Ng'ombe alikufa jua likizama. Mke wangu alichota kibuyuni, akamnywesha mjukuu polepole, kwa kuwa hayangekuwapo mengine. Niliomba, nisijue niombe nini.

Nawe usomaye, Mungu asikupungukie siku utakapoanguka.