Bi Mikunjo na Shali Iliyochemshwa

Watoto wangu ndio waliompa jina la Bi Mikunjo, kwa sababu hakuna kitu alichokichukia kama mkunjo kwenye shati. Alifua na kupiga pasi nyumbani kwetu kwa miaka kumi na tisa. Suti aliyozikwa nayo marehemu mume wangu aliinyoosha yeye, na hakukubali mtu amsaidie. Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kwa sababu kisa hiki kinasimuliwa vingine katika familia yetu. Aliyeanza kukisimulia vingine ni mimi.

Kazi alijifunza kwa shangazi yake aliyefulia nyumba ya wageni. Shule aliishia darasa la saba. Alikuwa na namna yake: kila nguo aliigeuza ndani nje, akafunga vifungo vyote, kisha akaitafuta ile lebo ndogo ya kwenye ukosi na kuisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya siri. Tuliponunua mashine ya kufulia hakuiogopa wala kuishangilia. "Hili ni beseni lenye mlango," alisema. "Nalo litataka kuangaliwa."

Mwaka jana mashine ilianza kugoma. Ilijaza maji, ikazunguka kidogo, ikasimama, na kwenye kioo chake kidogo zikawaka herufi na namba nyekundu. Kijitabu chake kilisema hiyo ni hitilafu ya sensa ya joto, yaani kile kidude kinachoiambia mashine kwamba maji yamepata joto la kutosha. Mtu mwingine angemwita fundi siku hiyohiyo. Mimi ni mwalimu mwenye mtoto mhandisi, na majirani wote wanajua, maana niliwaambia mwenyewe. Ningeonekanaje nikimfungulia geti fundi wa mtaani? Nikamngoja mwanangu aje likizo.

Alikuja, akalala sakafuni nyuma ya mashine saa mbili nzima.

"Sensa imekufa, mama," alisema. "Nakuwekea rezista, kidude kidogo cha umeme, mahali pake, mashine idhani maji bado ni ya kawaida. Zile herufi zitaondoka."

"Ziondoke tu. Jumamosi nina wageni."

"Lakini ni ya muda. Fueni kwa maji baridi tu mpaka nilete sensa mpya. Mkiweka joto lolote, haitajua pa kuishia."

Akarudi kazini kwake, mji wa mbali, na sensa haikuja. Nami sikumwambia Bi Mikunjo neno. Ningemwambiaje kwamba mashine ya nyumba yetu, iliyotengenezwa na mwanangu mwenye shahada mbili, imefungwa tepu nyeusi mgongoni?

Haikupita wiki mbili Bi Mikunjo akaja na malalamiko.

"Mwalimu, hii mashine inachemsha. Nimegusa kioo cha mlango, kimeniunguza."

"Mashine ina vipimo, dada. Mkono wako hauna."

"Mkono wangu una miaka arobaini kwenye maji."

"Na hiyo imetengenezwa na mhandisi."

"Basi mhandisi aje avae hizi soksi," alisema, akaniinulia moja. "Zimekuwa za mwanasesere."

Nilicheka naye. Hata hapo sikumwambia.

Kisha ikaja shali. Mkwe wangu, mama yake mume wa binti yangu, alitutembelea akaisahau kwenye kiti. Ilikuwa ya sufu, rangi ya maziwa, na alikuwa ameachiwa na mama yake mzazi. Nikaona si vizuri kuirudisha hivihivi, ifuliwe kwanza. Bi Mikunjo akasoma lebo, akaweka nyuzijoto thelathini kama ilivyoandikwa. Shali ikatoka ngumu kama zulia la mlangoni, inatosha kumfunika paka.

Mkwe alipokuja kuichukua, aliitandaza magotini. Bi Mikunjo alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono bado imelowa. Wengine wangesema walisahau. Mimi sikusahau. Maneno ya mwanangu yalinijia yote, hata sauti yake. Nikasema, "Utatusamehe, mkwe. Huyu mama hajui kusoma. Ameweka maji ya moto."

Bi Mikunjo alinitazama. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mkwe wangu anajulikana na watu wengi, na jambo likishafika kwake halikai. Kufikia mwisho wa mwezi, nyumba mbili nyingine alizofulia Bi Mikunjo zilikuwa zimemwambia apumzike kwanza. Hakuna anayemkabidhi nguo za thamani mtu asiyejua kusoma lebo. Nilizisikia habari hizo, nikajifanya sikuzisikia.

Nilianza kufua mwenyewe, kwa maji baridi. Siku moja, bila kufikiri, nikaweka mashuka kwenye sitini kama zamani. Mpira wa mlango ukapasuka na maji yanayotoa mvuke yakafika mpaka korido. Hapo ndipo nilipomwita fundi.

Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameshageuza mashine na kufungua mfuniko wa nyuma wakati mlango wa uani ulipogongwa. Alikuwa Bi Mikunjo, amekuja kurudisha ufunguo wetu. Nilitaka kuupokea palepale mlangoni, lakini fundi alikuwa ameanza kueleza kwa sauti, na yeye akasogea kusikiliza.

"Angalieni hii mita," fundi alisema. Alikuwa ameshika waya mbili za kipimo chake cha umeme. "Sensa nzima, ukiipasha joto, namba inashuka. Ukiipoza, inapanda." Akamimina maji ya birika pale sensa inapokaa, akangoja. Namba haikusogea. Akaifuata waya kwa vidole mpaka kwenye tepu, akaibandua, na ndani yake kukatokea kidude chenye mistari ya rangi, kisichozidi punje ya mchele. "Hapa hakuna sensa. Kuna rezista. Mashine inauliza, maji tayari? Hiki kinajibu, bado. Maji yanatokota, kinajibu, bado."

"Hata mtu akiweka thelathini?" Bi Mikunjo aliuliza.

"Hata akiweka ishirini, mama. Aliyekuwa anafulia hapa ana bahati hakuungua." Akakigeuza kile kidude mwangani. "Nani alifunga hii? Kazi safi. Huyu ni mtu aliyesoma. Fundi asiyesoma angeogopa."

Nikajibu, "Fundi mmoja tu, wa zamani."

Bi Mikunjo alikuwepo siku mwanangu alipolala pale sakafuni. Alimpigia pasi shati la kusafiria. Angeweza kusema. Alinyamaza, akalitunza jina la mwanangu mbele ya mgeni, jina lilelile nililolitunza kwa kulichafua lake. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na nilikuwa jikoni kwangu mwenyewe.

Fundi alipoondoka, nilimwomba arudi kazini. Nilisema mengi, na sasa naona nilikuwa nikizunguka tu.

"Mwalimu, ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa aliyekuwa hana matumaini naye. "Kazi sitaki. Nataka yule mama ajue kwamba najua kusoma."

Kesho yake nilikwenda kwa mkwe. Njiani nilipanga maneno: nianze na mashine, nipite kwa sensa, na mwanangu asitajwe. Nilipokaa, nikaanza hivyohivyo, nikasikia jinsi ninavyosikika. Nikakatiza. Nikamwambia kwamba mwanangu ndiye aliyeifunga rezista, akanionya, nami nikaficha. Nikamwambia kwamba yule mama anasoma, tena anasoma lebo ambazo mimi na yeye hatujawahi kuzitazama.

Mkwe hakugomba. Alisema, "Mwalimu, kwenye nyumba hii wewe ndiye tuliyekuwa tukikutolea mfano." Kisha akachukua simu, akampigia Bi Mikunjo mbele yangu, akamwomba radhi kwa kila mtu aliyempelekea maneno, akamwambia atawapigia wote jioni ileile. Simu hakunipa.

Binti yangu alizisikia habari hizo kwa mama mkwe wake kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Mwanangu alileta sensa mwenyewe, akaifunga, na hatujaweza kulizungumza.

Bi Mikunjo amerudishiwa zile nyumba mbili, na mkwe wangu amemwongezea yake. Tukikutana dukani ananiuliza hali za watoto, mmoja mmoja. Kwangu hajarudi. Nimemwomba mara mbili, na mara ya pili alinijibu kwa upole kwamba siku zake zimejaa. Mkwe ameniambia kwamba Alhamisi Bi Mikunjo huwa haendi popote.