Mzee wa Kamba

Kila asubuhi, kabla hajamshusha mtu kwenye shimo la dhahabu, mzee wa kamba huipitisha kamba yote viganjani, pima baada ya pima, midomo ikimcheza kwa Baba Yetu. Viganja vimeota sugu kama kisigino, lakini kidole gumba hakipitwi na kitu. Leo kimesimama.

Masalu, mchimbaji wa kwanza kushuka, amekwisha kujifunga kiunoni, na jua linapanda. "Mzee, si umeshasali? Nishushe tu, Mungu atanilinda."

Mzee anamwonyesha pale nyuzi tatu zilipokatika, anachomoa kisu, anaikata kamba vipande viwili huku wachimbaji wengine wakiguna kwa siku iliyopotea.

"Ameshakulinda, mwanangu," anasema. "Nenda kanywe chai."