Kibaba cha Nne

Mchele ukimiminwa kwenye sufuria, nikiisikia ile sauti yake ya kuchakarika, mimi huona haya. Nishakuwa bibi mwenye wajukuu, lakini uso hupata joto hata nikiwa peke yangu jikoni. Leo nawaambia nyinyi wasomaji wangu, maana sijapata kumwambia mtu.

Ilikuwa miaka ya vita, nyumbani kwetu mtaani Kuze. Mama hakujua kusoma, lakini hesabu alitufundisha jikoni. Nazi tatu zikivunjwa, vifuu vingapi? Mahamri kumi kwa watu wanne, kila mtu apata mangapi? Na yale mawili yanayobaki? "Ya mpishi!" tulijibu, naye akacheka.

Siku ya Ijumaa hesabu ilikuwa ya mchele. Nilipima vibaba vinne, yaani pishi moja, tukampelekea Bi Mwanakombo, jirani yetu mjane asiyekuwa na mtu wa kumlisha. "Bismillahi haihesabiwi," Mama alinionya tangu mwanzo. "Wasema bismillahi, kisha wachota, moja."

Mchele ukaadimika sokoni Marikiti. Tukawa twala sima ya unga wa manjano, unaokwaruza koo na kunuka gunia, na wali ukawa wa Ijumaa tu, tena wa kuonja. Hapo ndipo nilipopata akili, kama ile ni akili. Nikaihesabu bismillahi kuwa ndiyo moja, kibaba cha kwanza nikakiita mbili. Mama, aliyenipa mgongo akikuna nazi, alisikia nimefika nne, akaridhika. Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga. Mimi kibaba kizima nilikibakiza kwenye mtungi wa mchele kwa mara moja.

Kisha Mama akaniambia nimfundishe ndugu yangu Athumani, aliyekuwa na miaka minne. Kwa kuogopa asije akanifichua, nikamfundisha hesabu yangu ya wizi. Aliishika upesi, maskini, na akaipenda.

Ijumaa moja tulipofikisha bakuli la mchele, Bi Mwanakombo alimuuliza ndugu yangu kama ajua kuhesabu. Athumani akatunisha kifua, akawa achota hewa kwa mkono: "Bismillahi, mbili, tatu, nne!"

Bi Mwanakombo aliutazama mchele kwa muda. Kisha akanigeukia mimi.

"Mashaallah. Nawe, mwanangu, ndivyo uhesabuvyo?"

"Ndivyo, Bi."

"Haya," akasema taratibu. "Bismillahi nayo ina baraka yake."

Nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba nimemshinda mtu mzima. Nikaendelea vivyo hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, na kila akutanapo na Mama, Bi Mwanakombo alimwambia pishi imefika kamili, Mungu amzidishie.

Bi Mwanakombo alifariki kabla sijavunja ungo. Nilipoolewa na kuanza kupima mchele wa nyumba yangu, ndipo nilipojua kwamba kibaba kimoja ni chakula cha mtu mmoja kwa siku nzima. Kila Ijumaa nilikuwa nimemnyang'anya siku moja ya kula. Nimetoa sadaka nyingi kwa ajili yake, lakini haki ya mtu husamehewa na mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Nilidhani siku ile hakujua hesabu. Kumbe alikuwa ameniachia nafasi ya kusema kweli, nami nilikuwa na miaka minane, na ulimi mwepesi, nikamjibu, "Ndivyo, Bi."