Mkono Usioungua

Jumamosi moja nilikuwa jikoni kwenye harusi ya jirani, huko Kishanda. Mkamwana wa nyumba ile aliyafunua majani ya mgomba juu ya sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa mkono mtupu, mvuke ukifoka, wala hakushtuka.

“Mkono huo umebarikiwa,” mama mkwe alijigamba. “Hauungui!”

Tukapiga vigelegele. Mgeni mmoja tu, muuguzi kutoka Bukoba, hakupiga. Aliushika mkono ule, akalitazama baka lililopauka karibu na kidole gumba.

“Fumba macho, mama. Nikikugusa, sema.”

Akamgusa shavuni kwa ncha ya leso. “Hapo,” mkamwana akasema. Leso ikashuka kwenye baka. Kimya.

Baadaye muuguzi alituambia huenda ni ukoma, kwamba una dawa na unapona, na kwamba Jumatatu atampeleka mwenyewe hospitali akapimwe. Sawa. Lakini miaka yote hiyo tuliusifu mkono, na hakuna aliyeuliza maumivu yalikwenda wapi.

Hadi leo namwona mkamwana yule: leso imewekwa kando, ukucha wa muuguzi umezama kwenye baka lake, naye, macho kafumba, anatabasamu na kuuliza, “Mbona huanzi?”