Mkwe Nyuma ya Pazia

Kosa nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani, pale pa mtu atakayemdunga insulini, nikajaza: mwanawe.

Nyanya alikuwa wa kijiji cha Biliqo, na kila asubuhi swali lake lilikuwa moja, "Sista, leo naenda?" Shida ni macho. Nambari za kipimo cha insulini hazioni, na aliletwa wodini kwetu hajitambui baada ya kujidunga kipimo kikubwa mno. Akirudia tena, tunamzika. Kwa hivyo sikuwa na mchezo. Siku tatu nzima nikamfundisha mwanamume aliyemleta, na siku tatu nzima yeye akaangalia ukuta! Nikimfunua nyanya tumbo, jamaa anageuka.

"Umeelewa?"

"Ndio, sista."

Ameelewa nini, na anasoma rangi ya ukuta?

Siku ya nne nikapandwa na hasira. "Wewe bwana, mama yako akifa utaniambia nini?"

Nyanya akavuta shuka mpaka puani. "Sista, huyu si mtoto yangu. Huyu ameoa binti yangu. Tumbo yangu ataona namna gani?"

Jameni! Nilitamani ardhi ipasuke. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo, hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Na binti mwenyewe yuko Saudia kikazi. Nilicheka mpaka nikashika kitanda, kisha aibu ikanijia. Miaka yote hii Isiolo, na swali dogo kama hilo sikuuliza.

Tukapanga upya. Mkwe, nje ya pazia, azungushe kalamu ya insulini hadi nambari ya kipimo, aiweke kwenye stuli kando ya pazia, arudi nyuma. Nyanya aichukue ajidunge mwenyewe. Mikono haikuwa na neno; imekamua ngamia maisha yote.

Mara ya kwanza kabisa akasita, sindano imegusa ngozi. Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa naogopa kuliko yeye. Ndipo sauti ikatoka nje ya pazia, taratibu.

"Sista, mwambie asiogope. Mwambie nambari nimeangalia mara mbili."

"Mwambie nimesikia," nyanya akasema, akadunga.

Nikabaki hapo katikati, mjumbe wa watu wanaosikiana vizuri kabisa, nacheka na machozi yananitoka. Nyanya hakunipa hata nafasi ya kujifuta.

"Sasa mwambie alete gari."