Togwa niliyomnywesha imamu

Ilianza Jumatano saa kumi jioni. Jumamosi wageni wangeleta posa ya dada Zuhura, na mimi, ninayeona haya hata kuamkia watu, nikajitolea kupika togwa. Nusu ya kimea cha ulezi nilikikaanga kikawa cheusi, nikatia tende zilizobaki jikoni, nikafunga dumu. Sikutulia. Kila nikionja naongeza sukari.

Jumamosi ilipofika, baba wa mposaji, imamu wa Mbegani, alimaliza kikombe, akaomba cha pili. Hicho akakinusa.

"Binti, umeiweka siku ngapi?"

"Tatu. Shikamoo," nikamwamkia tena kwa hofu.

"Mwanangu, hii imeshakuwa pombe."

Wageni wakaondoka bila kungoja jibu la posa. Asubuhi nilikwenda Mbegani peke yangu, nikamwambia imamu mlangoni kwamba togwa ile niliipika mimi, dada hakuigusa.