Bunduki imepata karatasi kabla yangu

Leo nimeingiza mkono kwenye pipa la taka kutafuta kitambulisho cha bunduki. Jameni!

Bosi wangu hapa Al-Naseem, huku ughaibuni ninakofanya kazi za nyumbani, hukusanya silaha za zamani. Juzi alinunua bunduki ya jeshi, ile hupiga moja moja au mfululizo, kwa hivyo lazima isajiliwe.

Sasa, madam, mke wake, hataki kuona lebo ya dukani kwa kitu chochote nyumbani. Iwe mto, sahani au kiatu, mimi hukata. Asubuhi nikipanguza bunduki, nikaona kadi inaning'inia kwa uzi.

Nikakata. Nikatupa.

Saa nne afisa wa usajili akafika kuikagua. "Kadi iko wapi?"

Aki nilichakura hadi chini ya mifupa ya kabsa, ule wali wao wa nyama, ndiyo nikaipata.

Bosi akanifokea mbele ya mgeni: "Kitu bila karatasi hakikai nyumba hii hata siku moja!"

Nikamwambia, "Baba, mimi nimekaa miezi kumi na moja bila ikama, karatasi yangu ya ukaazi."

Afisa akaangalia zulia. Bosi akasema, "Yalla, leta chai."

Nikaleta.

Nyinyi wafanyakazi wenzangu mlio Manfuha na Jeddah, niambieni ukweli: nijifunge hiyo kadi mkononi, nisimame kando ya bunduki?